Kabla hujaagiza kibodi na mausi za wayalesi, uliza zinavyoongea na kompyuta

Maombi ya vifaa yanayopita mezani kwangu karibu yote yanafanana: "Kibodi na mausi za wayalesi, seti ishirini, rangi nyeusi." Idadi imetajwa, rangi imetajwa, lakini hakuna neno hata moja kuhusu namna vifaa hivyo vitakavyowasiliana na kompyuta. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za maofisi hapa Dar es Salaam, na malalamiko mengi ya kibodi na mausi ninayoitiwa chanzo chake ni hicho. Umbo, rangi na jina la kampuni vinaweza kusubiri.

Njia za mawasiliano ziko mbili. Ya kwanza ni risiva, kile kidude kidogo cha USB kinachokuja ndani ya boksi na kuchomekwa kwenye kompyuta. Ya pili ni Bluetooth, ambayo haihitaji kuchomeka kitu, mradi kompyuta yenyewe iwe nayo. Zote mbili zinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, na waifai ya ofisi nayo mara nyingi imo humo humo. Kwa hiyo msongamano upo tayari kabla hujafungua boksi.

Uzuri wa risiva ni kwamba ukiichomeka tu, kazi inaanza. Hata kabla Windows haijawaka, kibodi inaandika, kwa sababu kompyuta inaiona kama kibodi ya kawaida ya USB. Tatizo ni kwamba kwenye seti nyingi za bei ya chini, risiva na vifaa vyake vimeozeshwa kiwandani, yaani vinaelewana vyenyewe tu na havikubali mwenzi mwingine. Risiva ikipotea, kibodi na mausi vyote viwili vinabaki mapambo, hata kama vina wiki moja tangu vinunuliwe. Na risiva hupotea kirahisi: mtu anahama dawati, anachomoa flashi na risiva kwa pamoja, au laptopu inapelekwa kwa fundi na hicho kidude kinabaki juu ya meza ya fundi.

Ndiyo maana kwa ofisi yenye watu wengi napendekeza vifaa ambavyo risiva yake inaweza kuunganishwa upya. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa kampuni ya Logitech. Mwaka 2009 walileta mfumo wa Unifying, ambapo risiva moja inapokea hadi vifaa 6, na mwaka 2021 wakaleta Logi Bolt, ambao pia unapokea hadi 6. Ukipoteza risiva unanunua nyingine ya mfumo ule ule, unafungua programu yao, unaunganisha, umemaliza. Ila mifumo hiyo miwili haielewani. Kibodi ya Bolt haitaiona risiva ya Unifying, hata kama kwa macho zinafanana. Ofisi ikiwa na mchanganyiko, bandika kistika cha namba kwenye kila risiva na namba ile ile chini ya kibodi yake. Hata seti za bei ya chini zifanyie hivyo, maana siku madawati yakihamishwa hakuna atakayekumbuka ipi ni ya nani.

Sasa nikueleze tatizo ambalo watu wengi hudhani ni ubovu wa mausi. Kishale kinaruka ruka kwenye skrini, au kinaganda sekunde moja halafu kinafika kwa mkupuo. Kwenye kibodi, herufi zinarukwa: unaandika "malipo" inatoka "malpo". Mhusika anabadilisha betri, hali ni ile ile. Anadai apewe nyingine, nayo inafanya vile vile. Kabla hujatupa chochote, inama uangalie nyuma ya sipiyu. Mara nyingi utaikuta risiva imechomekwa kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani huwa la rangi ya bluu, na tundu la pembeni yake lina diski ya nje ya kuhifadhia nakala. USB 3.0 inapopitisha data kwa kasi yake ya gigabiti 5 kwa sekunde, inatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye yale yale masafa ya 2.4 GHz. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walitoa waraka wa kitaalamu kuhusu jambo hili mwaka 2012. Risiva iliyokaa sentimita chache kutoka kwenye kelele hiyo inaisikia kelele kwa nguvu kuliko inavyoisikia mausi, ambayo ipo juu ya meza, ng'ambo ya bati la sipiyu na miguu ya mtumiaji.

Dawa yake ni waya mfupi wa kurefushia USB. Chomeka risiva kwenye ncha ya waya huo, ipandishe mezani, iweke karibu na kibodi mahali ambapo hakuna kitu kinachoizuia. Kama waya huna, ihamishie tundu la mbele, mbali na diski. Nimeona ofisi ikiagiza seti mpya kwa idara nzima wakati kilichohitajika ni hizo nyaya. Kwa hiyo ukiagiza seti za risiva kwa kompyuta za mezani, agiza na nyaya za kurefushia papo hapo. Baadhi ya seti huja nazo ndani ya boksi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni usiri. Kila unachoandika kwenye kibodi ya wayalesi kinapita hewani: neno la siri la benki, mshahara wa mtu, barua ya nidhamu. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilitangaza mambo mawili mfululizo. Februari walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: risiva za kampuni kadhaa zilikubali kupokea amri za kibodi kutoka kwa mtu wa nje aliyejifanya mausi, kwa kutumia kifaa cha redio cha dola 15 tu, akiwa umbali wa hadi mita 100. Julai wakaja na KeySniffer: kibodi za bei ya chini kutoka kampuni 8 zilikuwa zikirusha kila herufi hewani bila kuifumba kwa namna yoyote. Aliye jengo la jirani angeweza kusoma.

Baadhi ya kampuni zilitoa programu dhibiti mpya, yaani programu ya ndani ya kifaa chenyewe, za kuondoa udhaifu huo. Lakini risiva nyingi za bei ya chini hazina njia ya kusasishwa. Zilivyotoka kiwandani ndivyo zitakavyokufa. Kwa hiyo kwenye kibodi mimi nina sharti moja nisilolegeza: boksi au karatasi ya maelezo iseme wazi kwamba mawasiliano yana usimbaji fiche wa AES wa biti 128 au zaidi, yaani njia ya kufumba kila herufi kabla haijarushwa hewani. Maneno kama "salama" au "teknolojia ya kisasa" hayatoshi. Kama muuzaji hawezi kunionyesha palipoandikwa, kibodi hiyo haiingii kwenye ofisi ninayoihudumia.

Na kwa mhasibu anayeidhinisha malipo, ofisa rasilimali watu, au kompyuta yoyote isiyohama dawati, ushauri wangu ni kibodi ya waya. Inagharimu kidogo, haihitaji betri, haina kitu cha kurusha hewani, na haipotezi risiva. Kama mausi yake ni ya wayalesi, iwe ya mfumo unaosasishwa, kwa sababu MouseJack ilipitia kwenye risiva za mausi. Najua mabosi wengi wanapenda meza isiyo na nyaya, na wanayo haki, lakini hapo nitabishana hadi mwisho.

Bluetooth inafaa zaidi kwa wenye laptopu, hasa hizi mpya zenye matundu mawili tu ya USB, tena ya Type-C, ambayo risiva ya kawaida haiingii bila adapta. Kibodi nyingi za Bluetooth zinakumbuka vifaa vitatu, unabonyeza kitufe kimoja unahama kutoka laptopu kwenda tableti. Kwenye kuunganisha, pendelea ile inayokutaka uandike tarakimu 6 zinazoonekana kwenye skrini, kwani hatua hiyo inamzuia mtu wa tatu kuingia katikati. Halafu hakikisha kompyuta na simu zinasasishwa: Desemba 2023 ulitangazwa udhaifu uliomwezesha mtu wa karibu kujiunganisha kama kibodi ya Bluetooth bila mwenye kifaa kuridhia, na uligusa Android, Linux na hata vifaa vya Apple. Marekebisho yalitoka, lakini yanamsaidia tu aliyeyaweka.

Usitegemee Bluetooth kabla kompyuta haijawaka kikamilifu. Ukitaka kuingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, au kama ofisi yenu inatumia BitLocker, kufuli la diski la Windows, yenye PIN inayoombwa mwanzoni, kibodi ya Bluetooth mara nyingi haitaandika kitu kwenye kompyuta ya mezani. Kila ofisi iwe na kibodi moja ya waya kabatini kwa ajili ya siku hizo.

Mpangilio wa herufi nao uutazame kabla ya kulipa. Kibodi zinazoingia Kariakoo zinatoka kila upande. Nyingi zimepitia Dubai na zina herufi za Kiarabu pembeni, jambo ambalo halina madhara kwa mwandikaji wa Kiswahili. Wanaochanganyikiwa ni waliopewa kibodi ya mpangilio wa Uingereza huku Windows imewekwa ya Marekani: alama ya @ na alama za kunukuu zinabadilishana nafasi, na kila barua pepe inakuwa mtihani. Hilo linarekebishwa kwenye mipangilio. Kibodi ya AZERTY, inayotumika sana Burundi na Kongo, ni suala zito zaidi kwa mtu aliyejifunza kuandika kwa QWERTY, mpangilio tuliouzoea hapa, kwani herufi zenyewe zimehama.

Sehemu ya namba upande wa kulia ni lazima kwa wahasibu na watu wa stoo. Kwa wengine inasukuma mausi mbali, mkono unabaki umenyooshwa pembeni kutwa nzima, na bega ndilo linalolipa. Kibodi fupi inawatosha. Vile vijiguu vya nyuma vinavyoinua kibodi viache vimelala. Vikisimama vinakunja kiganja kuelekea juu. Mausi ijaribiwe na mkono wa atakayeitumia, na mwenye kutumia mkono wa kushoto apewe yenye pande sawa. Namba kubwa za DPI, kipimo cha wepesi wa mausi kuhisi mwendo, zinazotangazwa ni za wacheza gemu; 1000 hadi 1600 inatosha kabisa kwa ofisi. Kwenye meza ya kioo mausi nyingi hupotea njia, weka kitambaa chake.

Nimalizie na betri, maana hapo vifaa vizuri vinauawa bila sababu. Mausi ya kawaida hukaa karibu mwaka kwa betri moja ya AA, kibodi hata miaka miwili. Muda huo mrefu ndio hatari yake, kwa sababu betri ya bei rahisi iliyosahaulika ndani ya kibodi huvuja, na majimaji yake hula vile vibati vya kugusia umeme. Ukifungua ukakuta unga mweupe au wa kijani, sugua kwa pamba yenye siki kidogo kama betri ilikuwa alkalaini, kausha vizuri, na mara nyingi itafufuka. Kwenye kibodi weka alkalaini nzuri na uandike tarehe kwenye betri yenyewe kwa kalamu. Betri za kuchaji za AA zipe mausi, ambayo inakula zaidi. Vifaa vyenye betri ya ndani ya kuchaji kwa waya vinapendeza, ila betri hiyo ikichoka baada ya miaka michache, nyingi haziruhusu kubadilishwa. Kwa ofisi inayotaka vifaa vidumu, mimi naagiza vya AA, na kwenye fomu ya ununuzi naandika hivi: aina ya mawasiliano, AES biti 128, risiva inayoweza kuunganishwa upya, waya wa kurefushia USB, mpangilio wa QWERTY wa Marekani, betri ya AA au AAA, na dhamana ya mwaka mmoja ya muuzaji mwenye duka linalojulikana. Rangi naiacha wazi.