Nobat: ngoma zinazomtawaza sultani wa Kimalay

Nobat ni ala za muziki za ufalme wa Kimalay, yaani wa Wamalay wa Malaysia na jirani zake, wapigaji wake, na pia haki ya kupigiwa ala hizo. Hiyo haki ndiyo kiini cha jambo. Mwenye jumba na askari lakini hana nobat, kwa desturi ya zamani alikuwa mtu mkubwa tu, hajawa sultani. Hata leo, Wamalay wakisema mtu amepigiwa nobat, wanamaanisha ametawazwa.

Kundi lenyewe ni dogo. Kuna nengkara, ngoma yenye umbo la chungu iliyowambwa upande mmoja. Gendang, ngoma za pande mbili. Serunai, ambayo mtu wa Lamu au Unguja angeiita zumari bila kusita. Na nafiri, tarumbeta ndefu ya fedha. Kedah, mojawapo ya masultani ya Malaysia, huongeza upatu.

Desturi hii ilitoka mbali. Zamani za makhalifa wa Baghdad, kupigiwa ngoma mlangoni nyakati za sala kulikuwa heshima ya khalifa, na watawala waliokuwa chini yake waliitaka kwa hamu. Ikapita Uajemi na India hadi Melaka, usultani ulioshika mlango-bahari wa biashara katika karne ya 15. Huko ikawa chombo cha siasa. Tarikh ya Kimalay iitwayo Sejarah Melayu inasimulia kwamba mtawala wa Kedah alikwenda Melaka kuomba nobat, akapewa. Kupokea ngoma kulikuwa kukubali nani mkubwa wako. Watu wa Kedah wana riwaya yao tofauti kuhusu asili ya nobat yao, na sishangai.

Wareno waliiteka Melaka mwaka 1511. Mwana wa sultani wake wa mwisho akawa Sultani Muzaffar Shah wa Perak, usultani mwingine wa Kimalay, mwaka 1528, na nasaba hiyo ndiyo fahari ya Perak mpaka leo. Wapigaji wa nobat ya Perak huitwa Orang Kalur, na kazi hiyo hurithiwa ndani ya ukoo. Ala zenyewe ziliogopwa: iliaminika kwamba asiyestahili akizigusa hupatwa na maradhi, au hata kifo.

Ukoloni ungeweza kuyamaliza haya. Kwa mkataba wa Pangkor wa 1874, sultani wa Perak alilazimika kufuata ushauri wa afisa wa Uingereza katika kila jambo, isipokuwa dini na mila za Kimalay. Afisa wa kwanza, J. W. W. Birch, aliuawa Pasir Salak mwaka uliofuata. Sultani Abdullah akahamishiwa Ushelisheli, visiwa vilevile ambako baadaye Waingereza waliwapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Kodi na mahakama zikashikwa na wageni, lakini ngoma zilikuwa mila, kwa hiyo zikabaki ikulu. Ng'ambo ya pili ya mlango-bahari, Waholanzi waliufuta kabisa usultani wa Riau-Lingga mwaka 1913. Nobat ya Terengganu, usultani wa Malaysia, ndiyo iliyobeba urithi wake.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mambo ya aina hii. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu ya shaba, na Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma na siwa zake pale Dunga. Hizo sasa ni vitu vya makumbusho. Nobat bado ina kazi. Alor Setar, mji mkuu wa Kedah, kuna mnara mzima uliojengwa kwa ajili yake, Balai Nobat, karibu na msikiti wa Zahir. Sultani Nazrin Shah wa Perak alipotawazwa Kuala Kangsar mwezi Mei 2015, nobat ilipigwa.

Hupigwa pia kwa mfalme wa Malaysia nzima, Yang di-Pertuan Agong, ambaye huchaguliwa kwa zamu ya miaka 5 miongoni mwa watawala 9 wa kurithi. Siku ya kutawazwa mfalme huyo havai taji la dhahabu. Kichwani huwa na tengkolok, kilemba cha kitambaa cheusi kilichotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na mkononi huchukua jambia la kris. Nobat hupigwa anapoingia ukumbini, hupigwa anapotawazwa, na siku akifariki sultani mwenye nobat, wapigaji walewale humsindikiza kaburini.