Je, mgombea tajiri hawezi kununuliwa?

Kuanzia Ujiji hadi Kasulu, wengi huamini kwamba mgombea mwenye mali nyingi hana sababu ya kuiba, kwa kuwa ameshashiba. Imani hiyo imetokana na uchovu wa haki kabisa, wa kuona ofisi ya umma ikigeuzwa njia ya kujitajirisha. Hata hivyo, mwenye viwanda, mashamba au mabasi ana maslahi yanayoguswa na kodi, leseni, ardhi na zabuni, naye anaweza kuyalinda bila kupokea hata shilingi moja ya rushwa, kwa kushawishi tu ni hoja ipi ijadiliwe na ipi iwekwe kando. Kwa maoni yangu hilo ni zito kuliko wizi wenyewe, kwa sababu halionekani. Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayoweka ukomo wa matumizi ya kampeni na kumtaka mgombea aeleze chanzo cha fedha zake. Msomaji anaweza kujichunguzia mwenyewe: taarifa rasmi za mijadala ya Bunge huwekwa mtandaoni, na humo ataona mbunge wake alisema nini kuhusu kodi na ardhi; na kijijini, aulizie mapato na matumizi katika mkutano mkuu wa kijiji.