Kuwaombea wasiojulikana: michoro na ibada za pamoja Hiroshima na Nagasaki

Katika Bustani ya Kumbukumbu ya Amani mjini Hiroshima, mbali kidogo na njia inayopitwa na wageni wengi, kuna kilima cha duara kilichooteshwa nyasi, na chini yake kuna chumba kinachohifadhi majivu ya watu wapatao 70,000 waliouawa na bomu la atomiki lililolipuka saa mbili na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Wengi wao hawakutambuliwa, kwa kuwa maiti zilichomwa kwa pamoja siku zile za mwanzo, na mara nyingi jamaa ambao wangeweza kuzitambua walikuwa nao wamekufa. Yapo majivu ya watu zaidi ya 800 ambao majina yao yanajulikana lakini ndugu zao hawajapatikana, na kila mwaka Jiji la Hiroshima hutangaza orodha ya majina hayo likitumaini kwamba atajitokeza mtu wa kuwachukua.

Utafiti wangu unahusu sanaa ya kumbukumbu za maafa, na ninapoulizwa jinsi jamii inavyowakumbuka wahanga wa bomu la atomiki, huanzia kwenye kilima hicho. Marehemu asiyejulikana jina, wazazi wala nyumba yake, aombewe kwa dini gani? Asubuhi ya kila tarehe 6 Agosti, kabla ya hafla rasmi ya Jiji, viongozi wa Shinto (dini ya jadi ya Japani), wa Ubudha na wa Ukristo hukusanyika mbele ya kilima na kuongoza ibada kwa zamu, kila dini ikifuata kanuni zake. Hafla ya Jiji inayofuata ni ya kiserikali: watu hunyamaza kwa dakika moja, kengele hulia, na meya husoma Tamko la Amani. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947 inatenganisha dini na dola, kwa hiyo kuwaombea wafu kumebaki mikononi mwa jamii yenyewe.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaufahamu utaratibu wa zamu, maana katika hafla zetu za kitaifa sheikh huomba dua, kisha padri na mchungaji nao husali. Tofauti ni kwamba kwetu maombi hayo hufungua shughuli nyingine, ilhali pale kilimani maombi ndiyo shughuli, na hakuna anayeweza kusema kwamba sehemu fulani ya majivu ni ya watu wa dini yake. Kwa maoni yangu, zamu hiyo ina heshima kubwa kuliko sala moja iliyotungwa ili imridhishe kila mtu, kwa sababu kila dini inawapa wafu kilicho bora ilicho nacho, bila kupunguza wala kudai.

Nagasaki ina historia yenye uchungu wa aina nyingine. Bomu la tarehe 9 Agosti, saa tano na dakika mbili asubuhi, lililipuka juu ya bonde la Urakami, makao ya Wakatoliki ambao mababu zao waliishika imani kwa siri kwa zaidi ya karne mbili za mateso. Kanisa lao kuu, lililokuwa yapata mita 500 kutoka kitovu cha mlipuko, lilibomoka, na kati ya waumini wapatao 12,000 wa parokia hiyo walikufa karibu 8,500. Baada ya vita wapo wakazi wa sehemu nyingine za mji waliosema kwamba Urakami imeadhibiwa na miungu ya Suwa, hekalu la Shinto la mji huo, kwa sababu ya dini yake ya kigeni. Wafiwa waliambiwa hivyo na majirani zao. Ndiyo maana ibada ambayo viongozi wa dini mbalimbali wameifanya tangu miaka ya 1970 kwenye kitovu cha mlipuko, jioni ya tarehe 8 Agosti, siioni kuwa adabu tu ya watu wa dini. Kwa kusimama mahali pamoja, wanaikana hukumu ile hadharani. Mwaka 2025 kengele ya pili ya kanisa hilo, iliyotolewa kwa michango ya Wakatoliki wa Marekani kuchukua nafasi ya ile iliyoharibiwa, ililia pamoja na mwenzake iliyonusurika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 80.

Sanaa nayo ilianza kwa watu wasio na cheo chochote. Mwaka 1974 mzee mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 alipeleka mchoro wake katika kituo cha shirika la utangazaji la NHK mjini Hiroshima, akionyesha aliyoyaona siku ile. Kituo kikawaalika manusura wengine wachore, na katika miaka miwili ikapatikana michoro zaidi ya 2,000, ambayo leo iko katika Makumbusho ya Amani. Thamani yake inaeleweka zaidi mtu akijua kwamba Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti la mjini, aliweza kupiga picha tano tu siku hiyo. Basi mambo mengi ambayo kamera haikuyanasa yamebaki kwa penseli, kwa kalamu za nta na kwa rangi za maji, na pembeni mwa michoro mingi mchoraji ameandika mahali, saa na maneno aliyoyasikia.

Maneno yanayorudiwa sana ni ya kuomba maji. Walioungua waliomba maji, na wengi walinyimwa kwa sababu iliaminika kwamba wakinywa watakufa. Manusura waliobaki na majuto hayo wamechora mito iliyojaa maiti na mikono iliyonyooshwa. Wachoraji Iri na Toshi Maruki, mume na mke waliofika Hiroshima siku chache baada ya mlipuko, walianza mwaka 1950 kuchora mfululizo mkubwa ambao mmoja wa michoro yake unaitwa Maji. Katika hafla za Hiroshima na Nagasaki pia, maji hutolewa kwa marehemu. Hapo ndipo ninapoona sanaa na ibada zikifanya kazi moja, ya kumpa marehemu kile alichonyimwa akiwa hai.

Idadi ya manusura wanaotambuliwa na serikali ya Japani ilishuka chini ya 100,000 mwaka 2025, na wastani wa umri wao umepita miaka 86. Tangu mwaka 2007 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Motomachi, Hiroshima, huketi na manusura, husikiliza, huchora, kisha huonyesha kazi ili ikosolewe: rangi ya ngozi iliyoungua, moshi, namna watu walivyotembea. Mchoro hukamilika baada ya miezi mingi, na mwanafunzi hujifunza mambo ambayo hotuba haiwezi kumfundisha.

Kumbukumbu hizi zimekuwa pia na watu zilizowaacha nje. Mnara wa wahanga wa Kikorea ulijengwa mwaka 1970 nje ya bustani ile ya Hiroshima, na haukuingizwa ndani hadi mwaka 1999. Iri na Toshi walikuwa wamekwisha kuwachorea Wakorea mchoro wao, Kunguru, mwaka 1972.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna watu wetu katika habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière, kwa mikono ya wafanyakazi wa Kikongo. Wakongo waishio Cape Town wameandaa mikutano ya kuwakumbuka. Ningependa kazi ya aina ya ile ya mwaka 1974 ifanyike Likasi, karibu na mgodi huo: wazee na watoto wa wachimbaji wapewe karatasi na kalamu za nta, waandike pembeni majina na mahali, kisha michoro yao ipelekwe Hiroshima ikahifadhiwe pamoja na ile mingine.