Kosi haikufurika, ilihama

Juzi tena, mtu mzima na digrii yake: "Mwalimu, yale mafuriko ya Bihar 2008 si mvua tu zilizidi, na matuta ya kuzuia mto yalikuwa mafupi?" Nimechoka. Naandika mara moja, wengine nitawatumia kiungo.

Bihar ni jimbo la India, na Kosi ni mto unaoingia humo kutoka Nepal. Tarehe 18 Agosti 2008 tuta la mashariki la Kosi lilikatika Kusaha, ndani ya Nepal, kilomita 12 hivi kabla mto haujafika kwenye banio, yaani ukuta wenye milango ya maji, la mpakani. Mto ulikuwa ukipitisha futi za ujazo kama 144,000 kwa sekunde. Tuta lilisanifiwa kuhimili 950,000. Rudia kusoma hapo. Maji hayakuruka tuta, yalilitafuna ubavuni. Kisha Kosi ikaacha mkondo wake, ikashika njia zake za zamani za mashariki, juu ya watu ambao kwa miongo mingi hawakuwa na habari nayo. Walioathirika walizidi milioni tatu.

"Basi inueni matuta!" Jamani. Kosi hushuka kutoka pande za Everest na Kangchenjunga imebeba mashapo ya kutisha. Zamani iliyatandaza uwandani; mkondo ukijaa, inahamia mwingine. Matuta ya miaka ya 1950 yakaibana, mashapo yakatua katikati, sakafu ikapanda. Simama juu ya tuta uone: upande mmoja mchanga wa mto unaometameta, upande wa pili mpunga na mabwawa ya makhana, mmea wa majini wenye mbegu zinazoliwa, na mpunga ndio uko chini. Ongeza mita moja ya tuta, mto nao utapanda nyuma yako. Sisi tunasema maji hufuata mkondo. Huyu huujaza kwanza.

Nikiri kosa langu: miaka mingi nilichora ubaoni Kosi ikisogea magharibi taratibu, kama mlango unaofungwa. Ramani za kale hazina unadhifu huo. Kuna kuruka, kuna kurudi. Mchoro nimeufuta.

Je, matuta yabomolewe? Hapo mimi hukoroga chai iliyokwisha sukari. Nje ya matuta watu wamejenga maisha wakiyaamini. Ndani yake kuna mamia ya vijiji vilivyoachwa upande wa mto, na huko nyumba niliyolala ilikuwa ya mianzi, imefungwa kwa kamba. Niliuliza misumari iko wapi. Mama mwenye nyumba alicheka: ya kamba hufunguliwa, ikabebwa kwenye mtumbwi.