Magunia yatabebwa na nani? Kwa shule zinazopeleka wanafunzi kujitolea Kisumu

Usafi wa bichi huharibika Jumatatu. Siku ya Jumamosi wanafunzi hufika kwa moyo, huinama, hukusanya, hupiga picha, huondoka. Jumatatu magunia yangali pale pale yameegemezwa ukutani, mbwa wameyapasua wakitafuta utumbo wa samaki, na mvua ya usiku imeanza kuzirudisha chupa mtaroni. Kutoka mtaroni hadi ziwani ni safari fupi. Kwa hiyo prinsipali au patroni wa chama anapouliza ni wanafunzi wangapi walete, swali la kwanza linalostahili kujibiwa ni jingine: wanafunzi wakisharudi shuleni, nani anabaki na kazi hii?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ya kwanza ilipoingia shule za upili za juu na mafunzo ya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima. Kidato cha Tatu na cha Nne bado wanamalizia mfumo wa zamani, lakini baadhi yao wako kwenye Tuzo ya Rais, mpango wa vijana wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ambao nao una kitengo cha huduma. Ongeza siku za kalenda, yaani Siku ya Ardhioevu tarehe 2 Februari, Siku ya Mazingira Duniani tarehe 5 Juni, Siku ya Wachangiaji Damu tarehe 14 Juni na Mazingira Day, sikukuu ya kitaifa, tarehe 10 Oktoba, na utaona kwa nini shule tano zinaweza kuomba bichi moja asubuhi moja.

Tuanze na bichi, kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi.

Wiki tatu kabla, mwalimu aende mwenyewe kuonana na kamati ya usimamizi wa bichi. Simu haitoshi. Kamati inajua boti hutua saa ngapi, wapi samaki huanikwa, kona gani ina vioo, na wapi kiboko hupenda kupandia. Pia ndiyo itakayoonyesha mtaro unaoleta taka. Sehemu kubwa ya plastiki inayofika ufuoni Kisumu husombwa na mvua kutoka mitaani kupitia mito midogo kama Kisat na Auji, pamoja na mitaro isiyo na jina. Shule ikisafisha mchanga na kuuacha mtaro, mvua mbili kubwa hurudisha kila kitu. Afadhali mita 100 za ufuo pamoja na mita 200 za mtaro unaoulisha kuliko nusu kilomita ya mchanga mtupu.

Mazungumzo ya pili ni ya usafiri wa taka. Pateni jina la dereva au kampuni, saa ya kufika, na mahali gari litakaposimama bila kukwama. Udongo mweusi wa Kisumu ukilowa haubebi lori. Gari lisipoweza kufika karibu, tafuteni mkokoteni wa kufikisha magunia barabarani. Chupa safi za plastiki huwa na mnunuzi wa kilo, naye aitwe siku hiyo hiyo. Akiambiwa aje kesho, kesho atakuta zimechanganyika na matope. Bila gari lenye saa kamili, ahirisheni. Ahirisho huwaudhi wanafunzi kwa siku moja. Magunia yaliyotelekezwa huiudhi bichi mwaka mzima, na mwaka unaofuata kamati haitapokea simu yenu.

Ya tatu ni barua kwa wazazi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hata akiwa na ndevu. Barua itaje mahali, saa ya kuondoka na kurudi, kazi yenyewe, jina la mwalimu, na iulize kuhusu pumu, kifafa na mzio. Idhini ya picha iwe na mstari wake na sahihi yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzazi anaweza kukubali mwanawe aende na akakataa picha. Mtoto huyo asitengwe kando kama mgonjwa; mpeni mizani ya kupimia taka.

Kwa wanafunzi 60, makundi kumi ya watu sita hufanya kazi vizuri. Kundi la kumi na watano huzaa watazamaji tisa. Katika sita, wanne huokota, mmoja hushika gunia, mmoja huandika, na hubadilishana kila nusu saa. Walimu au watu wazima wawe angalau wanne, na mmoja wao asifanye kazi nyingine ila kuhesabu vichwa na kuangalia upande wa maji. Maji ya kunywa ni lita moja kwa kila mmoja kwa muda wote wa kazi, yaani mitungi mitatu ya lita 20, na mtungi wa nne wa kunawa pamoja na sabuni. Glavu ziwe zile nene za mpira za kufulia. Za hospitali hutoboka kabla gunia la kwanza halijajaa. Viatu viwe vya kufunika kidole. Sandali zibaki garini na mwenye sandali abaki na daftari. Magunia ya sukari yaliyotumika yanafaa kuliko mifuko mipya: hayachaniki na hayaongezi plastiki. Yakijazwa vitu vizito kama nyavu zilizolowa, yaishie nusu, la sivyo hakuna msichana wala mvulana atakayeyainua bila kuumiza mgongo.

Anzeni saa moja na nusu asubuhi, malizeni saa nne. Jua ni sababu moja tu. Sababu kubwa ni kichocho.

Konokono wa majini kwenye kingo za Ziwa Victoria hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa wingi maji yakipata joto, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Havihitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima katika dakika chache, na kujifuta kwa taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Kwa hiyo sheria haina "kidogo tu": mwanafunzi haingii majini, hata hadi kifundo cha mguu, hata chupa ikiwa hatua moja mbele. Chupa hiyo huvutwa kwa reki ya mpini mrefu au huachwa. Aliyeteleza akalowa, jina lake liandikwe na mzazi ajulishwe. Kipimo hakifai siku ya pili. Huhitaji takriban wiki sita hadi nane, kwa kuwa mayai ya minyoo hayaonekani kabla haijakomaa mwilini. Dawa ipo, praziquantel, na ni ya kumeza, lakini huua minyoo iliyokomaa zaidi kuliko michanga, ndiyo maana kuimeza jioni ile ile si jawabu.

Gugumaji nalo liachwe. Kila mwaka kuna shule inayotaka "kulitoa ziwani" kwa mikono. Mmea huu ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukipata hali nzuri unaweza kujizidisha maradufu katika wiki mbili hivi. Wanafunzi 60 hawalipunguzi. Mizizi yake ni makao ya konokono wale wale, na chini yake hamuoni nyoka wala kina cha maji. Hata lililotolewa huwa zaidi ya asilimia 90 maji, kwa hiyo lundo kubwa la kupigia picha hukauka likawa kapu moja, huku mbegu zikibaki hai kwa miaka mingi.

Kosa la kinyume hutokea kwenye bichi ya Dunga, penye mafunjo, ambayo Kijaluo huyaita togo. Mtu mwenye panga na nia njema huyaona kama kichaka kichafu. Mafunjo hayo huchuja maji yanayoingia ziwani, husukwa kuwa mikeka na vikapu, humficha nzohe, yule swala wa majini, na kuna ndege wasioishi penginepo ila ndani yake. Panga zisipandishwe garini kabisa. Chupa zilizonasa kati ya mabua zitolewe kwa koleo kutoka nje, na viota visiguswe.

Sindano zitapatikana. Kila kundi libebe mtungi mtupu wa lita tano wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko, na anayegusa chenye ncha ni mtu mzima peke yake, kwa koleo. Mwanafunzi anainua mkono na kusimama alipo. Mtungi huo hupelekwa kituo cha afya, hauingii kwenye gari la taka. Aliyechomwa anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiminye wala kunyonya kidonda, apelekwe hospitali wakati huo huo. Dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Humezwa siku 28. Daktari pia ataangalia chanjo ya pepopunda. Mwalimu ajue kabla ya safari ni kituo kipi kilicho wazi Jumamosi, kwa sababu si vyote.

Saa tatu na nusu, uokotaji ukome ili upimaji uanze. Azimeni mizani ya ndoano ya wauza samaki. Pimeni kwa aina: chupa za plastiki, plastiki laini, nyavu na kamba, vioo, mengineyo. Daftari lenye "magunia 23" halisemi kitu. Lenye "chupa kilo 41, nyavu kilo 18, sehemu ya mtaroni" linaweza kuwekwa mezani kwa diwani pamoja na ombi la chujio la waya mtaroni. Mfano huo ni wa kuonyesha tu jinsi ya kuandika, lakini kwa mwanafunzi wa Gredi ya 10 hapo ndipo somo lilipo, kwenye safu za daftari kuliko kwenye gunia.

Swali la nani anabaki na kazi ni kali zaidi kwenye miti. Mazingira Day huangukia tarehe 10 Oktoba, shule zikikaribia kufunga. Mvua za vuli husaidia hadi Desemba, kisha Januari na Februari ni kavu. Piga hesabu: miche 60, kila mmoja lita tano, ni lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, mara mbili kwa wiki, wakati hakuna mwanafunzi wa kuibeba. Miche 20 ni mitungi mitano. Hiyo mtunza bustani wa shule na mtoto mmoja wataiweza. Pandeni ishirini. Anayetaka idadi kubwa asubiri mvua za masika, apande Machi, wanafunzi wakiwa bado shuleni.

Shimo liwe sentimita 45 upana na 45 kina, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe kwanza, chini kwenye mizizi, ukichanganywa na samadi iliyooza. Mfuko wa plastiki wa mche hukatwa na kuondolewa wote. Miche mingi "iliyokataa" ukiing'oa utakuta mizizi imejizungusha ndani ya mfuko kama uzi kwenye kijiti. Kisha mbuzi. Mche usio na uzio wa miiba una mwenyewe, naye ni mbuzi.

Damu ina kalenda yake pia. Mchangiaji huwa na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, na hutoa mililita 450 hivi. Mvulana husubiri miezi mitatu kabla ya kurudia, msichana minne. Wanafunzi wa sekondari ni mhimili wa damu nchini, na ndiyo maana akiba huyumba shule zikifungwa. Chembe nyekundu huhifadhiwa siku 35 hadi 42 kutegemea mfuko, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano tu, kwa hiyo damu ya wiki ya mwisho ya Oktoba haifiki Krismasi. Shule inayotaka kusaidia kweli ikubaliane na kituo cha damu cha kanda cha Kisumu: wengine wachangie muhula ukiendelea, na wanaoishi mjini waandikishwe kuchangia Desemba wakiwa nyumbani, na wazazi wao wakikubali waje nao. Siku yenyewe wale kiamsha kinywa. Wanaozirai mara nyingi ni waliokuja na njaa, au waliosimama mara tu baada ya kutoa.

Kuhusu kambi za matibabu nitasema machache: mwanafunzi apange foleni, aelekeze, amshike nyanya mkono. Kumtafsiria mzee Kijaluo au Kiluhya kwenye meza ya usajili ni msaada mkubwa. Chumbani kwa daktari asiingie, na kadi za wagonjwa asizishike.

Kwa walio kwenye Tuzo ya Rais, Jumamosi moja haisimami badala ya mwezi. Shaba huanza miaka 14 na kudai angalau miezi mitatu ya huduma, fedha miezi sita, dhahabu kumi na miwili, kwa wastani wa saa moja kila wiki. Tukio la bichi liwe mwanzo wa zamu: kila Jumatano alasiri wanafunzi watatu huenda kwenye ule mtaro na mizani, hupima dakika arobaini, huandika, hurudi kabla ya jioni. Mwalimu hutia sahihi papo hapo. Sahihi za miezi mitatu zinazotiwa kwa kalamu moja, siku moja, mkaguzi huzitambua upesi.

Na mlete nakala ya daftari kwa kamati ya bichi mwisho wa muhula, pamoja na jina la mwanafunzi wa Gredi ya 10 atakayelipokea muhula ujao.