Vijana wa Marekani wasiojamiiana: tulisome kwanza swali

Kati ya mwaka 2000 na 2002, asilimia 18.9 ya wanaume wa Marekani wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walisema hawakujamiiana hata mara moja ndani ya mwaka. Kati ya 2016 na 2018 walifika asilimia 30.9. Takwimu hizi zilichapishwa na Peter Ueda na wenzake mwaka 2020 katika jarida la JAMA Network Open, na maneno yakawa mengi. Kazi yangu ni takwimu za afya ya jamii, na mengi ya maneno hayo yananisikitisha, maana vijana wanahukumiwa na watu ambao hata swali hawajalisoma.

Swali waliloulizwa linahusu miezi 12 iliyopita, basi. Halitafuti nani bikira. Kijana aliyeachana na mwenzake mwaka juzi, akajitosa kwenye masomo, naye amehesabiwa humo.

Kwa wasichana wa rika hilo, tofauti ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Ila kwenye miaka 25 hadi 34 wamepanda wote: wanaume kutoka asilimia 7.0 hadi 14.1, wanawake kutoka 7.0 hadi 12.6.

Simu ndiyo inayolaumiwa kwanza. Utafiti huu haukuipima. Ulipima ndoa, kazi na kipato, na hapo ndipo penye uzito. Kwa wanaume, ongezeko liko hasa kwa wasiooa. Wasio na ajira, wanaofanya kazi za saa chache na wenye kipato kidogo ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza mwaka bila kujamiiana. Hilo halithibitishi kwamba ufukara ndio chanzo. Maradhi, kwa mfano, yanaweza kumkosesha mtu kazi na mwenza kwa pamoja. Ndoa nazo zinachelewa: umri wa kati wa mwanaume kuoa mara ya kwanza huko (nusu huoa kabla yake, nusu baada yake) ulikuwa miaka 26.8 mwaka 2000, ukawa 29.8 mwaka 2018.

Ningekuwa na uwezo, ningeongeza swali moja kwenye dodoso: je, wewe mwenyewe ulitaka? Kijana wa miaka 19 anayesubiri ndoa kwa imani yake na mwanaume wa miaka 33 anayeteseka kwa upweke wameandikwa kundi moja. Wa kwanza hana tatizo la kutibiwa. Wa pili anahitaji mhudumu wa afya atakayemuuliza habari za kazi, usingizi na huzuni yake, na kusikiliza majibu.