Kwa Nini Joho la Buluu la Bikira Maria Lilitoka Jeupe Katika Picha za Kwanza?

Mpiga picha wa miaka ya 1850 aliyesimamisha kamera mbele ya mchoro wa Bikira Maria alijua mapema kwamba nakala yake haitalingana na mchoro wenyewe. Joho la buluu lingetoka hafifu, karibu jeupe, ilhali gauni jekundu na dhahabu ya mavazi ya watakatifu vingeingia weusi.

Chanzo kilikuwa kwenye kioo kilichonasa picha ndani ya kamera. Kwa njia ya kolodioni, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, kioo kilipakwa ute wa kunata uitwao kolodioni, kikachovywa katika maji yenye chumvi ya fedha, kisha kikapigiwa picha kingali kibichi. Chumvi hiyo iliitikia mwanga wa buluu na urujuani, lakini nyekundu na njano ziliigusa kidogo mno, na ndiyo maana fundi aliweza kukishughulikia kioo penye taa ya njano bila kukiharibu. Palipoangukiwa na buluu, fedha ilijaa kwenye kioo, na karatasi iliyowekwa chini yake juani ili kuchapia picha ikabaki nyeupe mahali hapo. Penye wekundu kioo kilibaki kitupu, na jua likapenya na kuitia karatasi weusi.

Uchukue mchoro wa Mwitalia Raphael ulioko Dresden, Ujerumani, ambamo Maria amevaa gauni jekundu chini ya joho la buluu, na Mtakatifu Sixtus amejifunika vazi la dhahabu. Kwa kolodioni, mpangilio wa mwanga na kivuli aliouwaza mchoraji hupinduka. Vanishi ya kale, ambayo kwa kawaida hugeuka njano, iliongeza giza juu ya giza.

Baadhi ya wapiga picha waliikwepa shida kwa kupiga picha ya nakala iliyochongwa kwenye bamba la shaba, isiyo na rangi. Wengine waligusagusa negativi, yaani kile kioo chenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, kwa brashi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, liliwaachia watazamaji mkono wa fundi badala ya mkono wa Raphael. Adolphe Braun wa Alsace, aliyepiga picha za michoro ya Kikanisa cha Sistina huko Vatikani mwishoni mwa miaka ya 1860, alichapa kwa kaboni, yaani kwa rangi ya masizi badala ya fedha. Picha zake hazikufifia, ila kaboni haikuweza kurudisha kile ambacho kioo hakikukiona.

Mwaka 1873, Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua kwamba kioo kikitiwa rangi maalumu huanza kuona kijani na njano. Wekundu ulisubiri vioo vya mwanzoni mwa karne ya 20.